Mwangaza wa mlangoni: kijana wa Lubarika achora nyumba ya kwao

UVIRA, Kivu Kusini – Picha ya kwanza ilipotoka, mama hakuitambua. Kijana wake alikuwa amemaliza moto wote wa batri kwa usiku mmoja. Asubuhi akageuza ordinateri ili mama aone chumba cha nyumba yao ya Lubarika: ukuta wa matofali mabichi, kiti cha marehemu baba, mtungi wa maji kwenye pembe. Mama akatazama, akatikisa kichwa.

"Hii si nyumba yetu, papa. Sisi hatukuwa na moto ya umeme."

Vipimo vya chumba vilikuwa sawa. Kosa lilikuwa kwenye taa. Kijana alikuwa ametundika taa ndogo katikati ya dari, kama balbu, na kila kitu kikatupa kivuli cheusi chenye ukingo mkali. Chumba kilifanana na duka la mjini wakati wa usiku.

Familia hii ilitoka Lubarika miaka kadhaa iliyopita, milio ya risasi ilipozidi katika uwanda wa Ruzizi. Hakuna aliyebeba picha ya nyumba. Mtoto wa mwisho alitoka akiwa mgongoni mwa mama. Leo ana miaka 6, na kila mara anauliza kwao kukoje. Dada mkubwa, aliyekuwa ameolewa upande wa Luvungi, ni kati ya watu waliovuka mto Ruzizi mwaka 2025 na kuingia Burundi. Nyumba imebaki katika vichwa vya watu wachache, na kila mmoja anaikumbuka kivyake.

Kijana anatumia Blender, programu ya kuchora vitu vyenye urefu, upana na kina. Ni ya bure. Ilianzishwa Uholanzi na Ton Roosendaal, na mwaka 2002 watu wa nchi mbalimbali walichanga euro 100,000 ili iwe huru kwa wote. Flow, filamu ya katuni ya kutoka Latvia iliyotengenezwa kwa Blender, ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2025. Ukiisha kuipakua, programu hii inafanya kazi bila intaneti. Kwa anayenunua megabaiti kwa makuta ya mboga, hilo si jambo dogo.

Ndani yake kuna taa za aina 4. Ile inayoitwa Point inamulika pande zote, kama balbu. Sun ni jua. Spot ni kama tochi. Ya nne inaitwa Area, na ndiyo kijana hakuwa ameigusa. Hiyo ni kama ubao unaotoa mwangaza: unaweza kuwa wa mraba, wa mstatili au wa mviringo, na unamulika upande mmoja tu. Mlango ulio wazi asubuhi ni ubao wa namna hiyo hiyo.

Alielewa vizuri zaidi usiku mmoja, kwa tochi ya simu na shuka jeupe. Tochi peke yake ilitupa kivuli cha kikombe ukutani kikiwa kikali kama kimekatwa kwa wembe. Mdogo wake akashika shuka mbele ya kikombe, naye akarudi nyuma na tochi hatua moja, hadi shuka lote likawaka. Ukingo wa kivuli ukalegea, ukawa kama moshi. Kisha walisogeza kikombe mbali na shuka, karibu na ukuta, na ukingo ukaanza kurudi.

Somo lenyewe ndilo hilo. Kivuli kinakuwa laini kwa sababu ya upana wa taa ukilinganishwa na umbali wake. Taa pana iliyo karibu inalainisha. Taa ileile ikipelekwa mbali inakuwa kama ndogo, na kivuli kinakaza. Ndiyo maana jua, pamoja na ukubwa wake wote, linatupa kivuli kikali: liko mbali mno. Siku ya mawingu mbingu nzima ndiyo taa, na kivuli cha mtu karibu kinapotea.

Kijana akafuta balbu ya dari. Akaweka Area penye mlango, upana mita 0.9 na kimo mita 2, sawa na mlango wenyewe, ikitazama ndani. Nguvu ya taa aliitafuta kwa jicho, kwa sababu wati za Blender hazilingani na zile zilizoandikwa kwenye balbu ya dukani. Aliona pia kwamba akipanua taa bila kuongeza wati, mwangaza hauzidi. Unatawanyika tu kwenye uso mkubwa zaidi. Rangi akaipa ubuluu kidogo, kama mbingu kabla ya jua kupanda. Wekundu wa sakafu ya udongo ulijileta wenyewe, mwangaza ulipogonga chini na kurudi ukutani.

Lakini taa pana ina bei yake. Vivuli laini vinaleta chengachenga, na kuziondoa ni lazima ordinateri ihesabu sampuli nyingi zaidi, maana yake saa nyingi zaidi. Batri hiyo hiyo ya plake ndiyo inayochaji simu za majirani, na makuta ya kuchaji ndiyo yanayonunua unga. Usiku wa picha ya kwanza uliila familia chakula cha siku moja. Tangu hapo kijana anajaribu kwanza kwa picha ndogo, robo ya ukubwa, yenye sampuli chache. Anawasha kifaa cha programu cha kusafisha chengachenga, na picha kubwa anaipiga mara moja tu, kila kitu kikiisha kukubaliwa.

Anayekubali ni mama. Picha ndogo ya pili ilipotoka, alinyamaza kwanza, kisha akaanza kusahihisha. Mlango ulitazama uwandani, upande wa Burundi, alisema, na asubuhi mwangaza ulifika kwenye mtungi lakini haukufika kwenye kiti cha baba. Baba alipenda kukaa penye giza, akitazama nje. Kijana hakuwa anajua hilo. Akasogeza kiti nyuma ya mlango. Dada naye, aliyetumiwa picha kwa simu, akajibu kutoka Burundi kwamba dirisha limekuwa kubwa mno. Lilikuwa tundu la kutolea moshi tu. Akaipunguza na taa ya dirishani.

Wako wanaomuuliza kama picha hiyo itawasaidia siku ya kudai kiwanja. Anawajibu kwamba haitawasaidia. Picha ya ordinateri mtu anaweza kuchora anavyotaka. Kwa kiwanja ni karatasi na mashahidi. Hata hivyo majirani wawili, nao wahami, wameisha kuja kumweleza nyumba zao, na swali lake la kwanza kwao ni hili: mlango ulitazama wapi, na asubuhi mwangaza ulifika hadi wapi?

Picha kubwa ilikuwa tayari Jumapili. Mtoto wa miaka 6 aliitazama muda mrefu, akaweka kidole penye mlango.

"Nani ameufungua?"

"Baba yako," mama akajibu. "Yeye ndiye aliyekuwa anaamka wa kwanza."