Sita Hulala, Tano Huinuka

Nilipokuwa darasa la tano, mwalimu wetu wa hisabati alichora mraba ubaoni, akachora wa pili uliosogea juu kidogo upande wa kulia, kisha akaunganisha kona zake. Mistari mitatu aliiweka nukta nukta. "Huu ni mchemraba," akasema. "Nyuso sita, kingo kumi na mbili, vipeo vinane." Tukaimba: sita, kumi na mbili, nane. Ukiniamsha usiku wa manane hata leo nitakujibu kwa mahadhi yaleyale. Nilichokuwa nikikiimba sikukijua kwa miaka mingi.

Mwaka 1989 nikapangiwa shule ya msingi katika kijiji cha pwani, mkoani Lindi, nami nikafundisha kama nilivyofundishwa. Mraba, mraba wa pili, nukta nukta. Kwenye jaribio la kwanza binti mmoja wa dawati la nyuma aliandika kwamba mchemraba una kingo tisa. Nikampigia mkasi kwa kalamu nyekundu. Saa ya mapumziko akaja ofisini na daftari lake.

"Shikamoo mwalimu. Zile za nukta si zimekatika? Mimi nimehesabu zilizo nzima."

Sikuwa na jibu. Mezani palikuwa na boksi la chaki, nikampa. Akaligeuza polepole, kidole kikipita ukingo mmoja baada ya mwingine, midomo ikihesabu kimyakimya. Alipofika kumi na mbili akaniangalia kwa mshangao: "Kumbe mwalimu ulikuwa unachora boksi!"

Nilifundisha miaka yote iliyofuata nikijaribu kulipa deni la sentensi ile.

Nilianza na maboksi. Watoto walileta ya sabuni, ya dawa ya meno, ya majani ya chai na ya kibiriti. Tuliyakata kwa wembe kufuata kingo, tukayalaza sakafuni. Nikagundua jambo ambalo chuo cha ualimu hakikuwahi kunifundisha: mchemraba una njia 11 tofauti za kukunjuliwa ukawa bapa kipande kimoja. Darasa lenye watoto zaidi ya sabini lilizitafuta wiki nzima, na kila kundi lilidai limepata ya kumi na mbili, mpaka tulipoigeuza na kuona ni ileile imelala upande mwingine.

Tatizo la maboksi ni kwamba dukani karibu kila kitu kina pembe mraba. Wenzetu wa Kenya walikuwa na bahati: pakiti za maziwa ya Nyayo, yale waliyogawiwa watoto shuleni, zilikuwa na nyuso nne za pembetatu, kama piramidi ndogo. Sisi tulikuwa na minazi. Nikawaambia watoto walete chelewa, zile za kutengenezea fagio. Tulizikata kwa urefu wa sentimita 10, na kwenye maungio tukaweka vidonge vya udongo wa kichuguu.

Siku hiyo nilijifunza mimi kabla ya wanafunzi. Vijiti 12 na vidonge 8 vilifanya mchemraba, lakini haukukubali kusimama: ulipinda kama mlevi, ukalala. Vijiti 6 na vidonge 4 vikafanya tetrahedroni, umbo la nyuso nne, nalo lilisimama imara hata ukilibonyeza. Mtoto wa fundi seremala akasema bila kuulizwa, "Ndiyo maana baba haezeki bila kenchi." Pembetatu haipindi, mraba hupinda. Sikuhitaji kuongeza neno.

Asubuhi yake tulikuta msiba. Udongo ulikauka usiku, ukapasuka, na sakafu nzima ilikuwa chelewa tupu. Mwalimu mwenzangu alicheka sana. Tangu hapo tulifunga maungio kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, na maumbo yakadumu hadi muhula ukaisha.

Kutoka hapo hatukuwa na pa kusimama. Pembetatu nane zikatupa oktahedroni, yenye vipeo 6 na kingo 12. Pembetatu ishirini zikatupa ikosahedroni: chelewa 30, vipeo 12, na katika kila kipeo pembetatu tano zinakutana. Tulipolimaliza, watoto walilitupiana uwanjani kama mpira. Kwa karatasi za manila tukakata pembetano sawa 12, tukagundisha dodekahedroni. Pamoja na mchemraba yakawa maumbo matano, kila moja likiwa na nyuso zote sawa na vipeo vyote vinavyofanana. Nikawaambia kwamba Wayunani wa kale waliyajua. Kwamba Plato aliyagawia moto, udongo, hewa, maji na mbingu. Na kwamba Euclid, aliyeandika miaka kama 300 kabla ya Kristo, alifunga kitabu chake cha 13 kwa kuthibitisha kuwa la sita halipo.

"Kwa nini halipo?" wakauliza. Nilijua kulieleza kwa kujumlisha nyuzi za pembe, na wao walijua kulinakili. Hata hivyo niliona machoni kwamba hawajashawishika. Waliendelea kukata manila, wakiamini mzungu yule hakutafuta vizuri.

Jibu lilikuja sokoni. Palikuwa na mzee aliyesuka matenga ya kuku kwa mianzi, yale yenye matundu makubwa. Nilikuwa nimeyaona maisha yangu yote. Jumamosi moja nilikaa kumtazama akianza kitako cha tenga: fito zinapishana pande tatu, na kila tundu linatokea na pembe sita. Kitako kilikuwa bapa kama mkeka. Alipofika mahali pa kukunjia, alifanya tundu moja lenye pembe tano, na tenga likanyanyuka lenyewe kwenye kona ile.

"Mzee, umelikunjaje?" nikauliza.

"Silikunji, mwalimu. Nikiweka sita linalala. Nikipunguza, tano, linainuka. Ukililazimisha kwa mikono litavunjika."

Niliondoka na tenga bila kuku. Jumatatu tuliweka pembetatu sawa sita kuzunguka nukta moja: nyuzi 60 mara sita ni 360, zikalala bapa. Tukaondoa moja, tukaziba pengo, zikasimama. Tukaondoa nyingine, zikachongoka zaidi. Na nyingine, tukafika tatu, ndiyo tetrahedroni. Chini ya hapo hakuna umbo. Miraba minne ni 360, inalala. Mitatu tu ndiyo husimama. Pembetano tatu ni nyuzi 324, husimama kwa shida, nne hazienei. Pembesita tatu ni 360, zimelala. Hesabu watoto walifanya wenyewe: tatu za pembetatu, moja ya mraba, moja ya pembetano. Tano. Hakuna aliyekata manila tena kutafuta la sita. Umbo huinuka kwa kile kilichopunguzwa, na kuna njia chache tu za kupunguza.

Kisha tukahesabu matundu ya pembetano katika lile tenga: sita, moja kila kona ya kitako. Mvulana mmoja akaleta mpira wa miguu wa zamani wa kaka yake, wa mabaka meusi na meupe, mtindo wa Telstar uliochezewa Kombe la Dunia la Meksiko mwaka 1970. Pembesita nyeupe 20, pembetano nyeusi 12. Ikawa zogo: tenga lina sita, mpira una kumi na mbili. Hatimaye binti mmoja akaweka viganja vyake viwili pamoja kama anayefunga kitu. "Tenga ni nusu," akasema. "Ukifunika mdomo kwa tenga jingine, linakuwa mpira."

Ndipo na mimi nikaurudia wimbo wangu wa zamani kwa sikio jipya. Sita, kumi na mbili, nane. Chukua nyuso, jumlisha vipeo, toa kingo: 6 na 8 ni 14, toa 12, zinabaki 2. Tetrahedroni: 4 na 4, toa 6, zinabaki 2. Ikosahedroni: 20 na 12, toa 30, zinabaki 2. Hata mpira: nyuso 32, vipeo 60, kingo 90. Mbili. Mwanahisabati Leonhard Euler aliliandika hilo katika barua mwaka 1750. Mimi nilikuwa nimeziimba namba zake tangu utotoni, na hakuna aliyeniambia zijumlishwe.

Nimestaafu sasa. Mwaka jana nilialikwa shuleni kwetu. Mwalimu kijana alikuwa ametundika shuka jeupe mbele ya darasa, na projekta iliyounganishwa na simu yake ilikuwa ikizungusha ikosahedroni ya rangi ya bluu, polepole, nyuso zikipeana zamu kuonekana. Nilimwonea wivu. Kwa dakika moja alionyesha kilichokuwa kikinichukua wiki: kulikata, kulifungua, kulifunga tena. Watoto walishangilia.

Msichana mmoja mdogo hakushangilia. Aliinuka, akapita pembeni ya dawati, akaenda kuchungulia nyuma ya shuka. Alikaa huko kidogo. Aliporudi mwalimu akamuuliza ameona nini.

"Nyuma nako ni mbele," akasema, amenuna kama aliyepunjwa.

Darasa likacheka. Mwalimu kijana hakucheka. Alizima projekta, akafikiri kidogo, akaligeukia darasa: "Kesho kila mmoja aje na chelewa kumi. Na mwenye tyubu mbovu ya baiskeli nyumbani, aibebe."