Jina la Mpagazi

Tulianza na nyuki. Sisi walimu wawili wa Shule ya Jumapili hapa Tanga tulikuwa tumepangiwa Jumapili tatu za Novemba kufundisha juu ya amani. Kila mwenye kufundisha watoto wa miaka sita hadi tisa anajua kwamba somo la amani huwalaza, lakini habari za vita watasikiliza.

Basi tukawaambia kwamba tarehe 2 Novemba 1914 meli za Waingereza zilitokea hapa hapa mbele ya mji wetu, zimejaa askari wapatao 8,000, wengi wao Wahindi waliokuwa wamekaa baharini zaidi ya wiki mbili. Walishuka Ras Kasone, mahali ambapo watoto wetu wanapajua vizuri. Wajerumani walikuwa na watu kama 1,000 tu wa kuulinda mji, na wengi wa hao walikuwa askari Waafrika. Tarehe 4 mapigano yalipopamba moto, risasi ziliwachokoza nyuki mitini. Nyuki wakamwuma kila waliyemkuta, awe wa huku au wa kule. Kesho yake Waingereza walirudi melini, wakaacha nyuma bunduki na risasi nyingi.

Watoto walicheka mpaka wakagaagaa mikekani. Tukafurahi kwamba somo limekubali. Ibada ilipokwisha tukawakuta uani, nusu yao nyuki, nusu yao Wahindi, wanachapana kwa vijiti vya mwarobaini. Mmoja amelala kifudifudi, amekufa, na wenzake wamemzunguka wakimzomea. Tuliona aibu. Hawakuwa wamekosea kitu. Walikuwa wanacheza kile kile tulichowafundisha.

Tulikuwa tumewapa vita visivyo na watu ndani yake. Tulikuwa hatujawaambia kwamba yule askari wa Kihindi alishuka ufukweni miguu ingali inayumba kwa mawimbi, katika nchi asiyoijua, wala kwamba Mwafrika aliyemngoja vichakani alikuwa anapigania bendera ya mtu mwingine. Kila mmoja wao alikuwa ametoka kwa mama yake.

Jumapili ya pili tulikuja na ndoo. Tukauliza, "Nani anaijua Kariakoo?" Mikono yote juu: soko la Dar! Tukawaeleza kwamba jina hilo lilitoka kwa kikosi cha wapagazi, ambacho Waingereza walikiita Carrier Corps, na ndimi zetu zikalilainisha. Vita vile havikuishia Tanga. Viliendelea miaka minne, vikapita porini ambako barabara zilikuwa chache na ndorobo waliwaua farasi na nyumbu. Kwa hiyo chakula na risasi vilibebwa kwa kichwa cha mtu, mzigo wa kilo 25 hivi, siku baada ya siku. Wengi hawakujitolea, walikamatwa tu. Walikula unga wa mahindi usioiva vizuri, wakafa kwa kuhara damu, malaria na kichomi kuliko kwa risasi. Hesabu ya Waingereza wenyewe inawataja wapagazi wapatao 95,000 waliokufa upande wao. Idadi hiyo hatukuwatajia watoto. Tulijaza ndoo nusu, tukawaambia wazunguke kanisa mara moja, wawili wawili, wakipokezana.

Waliporudi hakuna aliyecheka. Binti mmoja, kata ingali kichwani, akauliza, "Mwalimu, jioni walikuwa wanarudi kwao?"

Tukamwambia hapana.

Ndipo kijana mmoja, ambaye kwa kawaida huja kwa ajili ya andazi la baada ya somo, akauliza Mungu alikuwa upande gani. Tulitazamana. Injili ilifika mkoani kwetu kwa mikono ya mataifa hayo hayo mawili: Waingereza wa UMCA kule Magila, Wajerumani kule Usambara. Wote walikuwa wakimwomba Bwana mmoja awape ushindi. Tukajibu kwamba Mungu alikuwa na yule aliyebeba mzigo. Mzee mmoja wa kanisa alipolisikia jibu hilo alitikisa kichwa, akasema tumejibu upesi mno. Huenda. Lakini mtoto akikutazama vile huwezi kumwambia asubiri kamati.

Wiki hiyo mama mmoja alitujia amekasirika, na alikuwa na haki. Mwanawe alikuwa halali, anauliza kama watakuja kumchukua baba yake akabebe. Tulikwenda nyumbani kwao jioni, tukaomba radhi, tukakaa na mtoto mpaka akaelewa kwamba vita vile vimekwisha zamani. Hatukumwambia kwamba mambo hayo hayatokei tena popote, maana ingekuwa uongo, na mtoto huyo anasikia redio.

Tulifikiri kuiacha Jumapili ya tatu ipite na nyimbo tu. Jumamosi, tukiwa tunafagia, akaingia bibi wa yule binti wa kata.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Mjukuu wangu ananiambia mnafundisha habari za wapagazi."

Tukadhani ni lawama nyingine. Akaketi kwenye benchi, akasema babu yake mzaa baba alichukuliwa shambani akiwa na jembe mkononi. Ni upande gani uliomchukua, nyumbani hawakukubaliana kamwe. Hakurudi. Na kwa kuwa hapakuwa na maiti wala habari, hawakumwekea matanga. Nyanya yake aliendelea kumwekea chakula chake kwa muda mrefu, halafu siku moja akaacha, bila kusema neno. Pale mjini yapo makaburi ya vita yenye majina. La babu yake halimo popote.

"Mnaweza kumtaja?" akauliza.

Tulimwomba mchungaji, akaturuhusu. Jumapili ile, kabla ya maombi, bibi alisimama mbele ya watoto akalitaja jina la babu yake. Watoto wakalirudia, kwanza kwa kubabaika, kwa kuwa ni jina la zamani ambalo siku hizi hapewi mtu, kisha kwa sauti moja. Tukawaombea na yule Mhindi na yule askari wa Wajerumani, ambao majina yao hatukuwa nayo. Bibi akabaki amesimama. Mjukuu wake akamletea kiti.