Rangi Niliyopaka Ndani ya Mbabula

Nililisha watu nyama iliyochomwa juu ya rangi, na baadhi yao walikuwa watoto.

Mbabula ile kubwa ilikuwa ya marehemu baba: nusu pipa la chuma lililowekwa miguu, ambalo alichomea michopo ya mbuzi hapa nyumbani, karibu na barabara ya Kasenga. Alipofariki ikabaki nje, mvua ikaila. Yaya, ndugu yangu mkubwa, alipoitaka kwa sherehe ya ubatizo, nikajitolea kuitengeneza.

Nilianza vizuri. Nilisugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kikaonekana. Ningeishia hapo. Kutu kidogo inayobaki haina sumu: unapaka mafuta ya kupikia, unawasha makala, unaacha pipa liungue tupu mpaka liwe jeusi, basi. Lakini nilitaka wageni waone kitu kipya. Nikachukua mkebe wa zamani wa rangi nyekundu ya kuzuia kutu, ile ya mageti, nikapaka nje na ndani.

Rangi za namna hiyo zilitengenezwa kwa miaka mingi kwa oksidi ya risasi. Mkebe wangu maandishi yalikuwa yamefutika, na hilo peke yake lilitosha kunizuia. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Ubongo wa mtoto ndio unaoumia zaidi. Nami ni mtu wa Lubumbashi, mji ulioanza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Sisi tuliokulia chini ya bomba la moshi la kiwanda cha shaba tunajua madini huingia mwilini kwa moshi na vumbi.

Makala yaliposhika, rangi ikatoka malengelenge, moshi ukawa mchungu.

"Hiyo harufu ni ya nini?" yaya akauliza.

Nikamjibu ni kutu inamalizika kuungua. Nilijua si kweli. Niliona aibu kumwaga makala mbele ya wageni, nikaendelea kugeuza nyama. Kupaka rangi ulikuwa ujinga. Jibu lile lilikuwa uongo, na nililitoa wakati hakuna aliyekuwa amekula bado.

Baadaye nilimwambia yaya. Hakunigombeza, aliuliza watoto wa nani walikula, tukawataja mmoja mmoja. Pipa sikulikwangua tena, maana vumbi la rangi ile lingebaki uani watoto wanapocheza. Nimelitobotoboa ili asije mtu akaliokota kuchomea. Wazazi wa watoto wale ni majirani zetu. Jumapili hii napita kwao, nyumba kwa nyumba, kuwaomba wawapeleke wapimwe damu, na gharama nitalipa mimi.