Matobolwa ya Bariadi

Ukifika Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, utakaribishwa matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani. Vikianikwa vibichi huitwa michembe, nayo hupikwa kabla ya kuliwa. Sahani ni moja, karanga pembeni, na wakubwa kwa watoto tunakula pamoja.

Ushirika huo ni baraka, tuulinde. Tunawe mikono kwa sabuni kwanza. Karanga tuzichambue: zenye ukungu au zilizosinyaa tuzitupe, hata kuku tusiwape. Zaweza kuwa na sumukuvu, ambayo huharibu ini, na kukaanga hakuimalizi. Kutupa chakula kunauma, lakini ini la mtoto haliuzwi sokoni.