Kabla Hujapanda Kitulo

Makambako,
Novemba

Mwanangu mpendwa,

Hapa nyumbani mvua zimeanza na watu wako mashambani. Habari ya safari yako ya Kitulo nimeipata, na maneno ya baba yako nimeyapata pia: kwamba binti mzima anatokaje Dar es Salaam, peke yake, kwenda kutazama maua. Nimempigia simu. Nimemwambia kwamba kule Japani watu wazima wenye kazi zao huomba ruhusa wakayafuata maua ya micheri, na siku ya kuchanua hutabiriwa kwenye taarifa ya habari kama sisi tunavyotabiriwa mvua. Mtoto wetu anataka kuona bustani iliyo kwao, ubaya uko wapi? Amekubali, ingawa kwa shingo upande. Kwa hiyo njoo, ila nisikilize kwanza.

Umesema umeomba likizo ya Julai. Ibadilishe kama inawezekana. Mwezi huo Kitulo nyasi zimekauka, na usiku baridi ya Makete hugandisha umande ukawa barafu juu ya majani. Maua huja na mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na ndiyo maana wengi huyakosa: wanasubiri barabara zikauke, zikikauka maua yameshakwisha. Njoo Februari. Utalowa, lakini utaona kile ambacho wazee walikipa jina la Bustani ya Mungu: aina zipatazo 350 za mimea, na kati yake okidi 45 zinazoota ardhini, nyeupe, za njano, za zambarau, kwenye uwanda ulio juu ya mita 2,600. Serikali iliufanya uwanda huo hifadhi ya taifa mwaka 2005, na huko hukuti simba wala tembo, ndiyo maana unaweza kutembea kwa miguu siku nzima.

Hatari yake ni ukungu. Unashuka ghafla, na vilima vyote vinafanana. Aliyezoea lami za mjini hajui tena anaelekea wapi baada ya hatua chache tu. Chukua mwongozaji wa hifadhi hata kama unahisi njia iko wazi. Huyo hatakupunguzia upweke wako unaoutaka. Mwambie tu kwamba unapenda kutembea kimya, atakuelewa.

Sasa hili la kwenda peke yako. Miaka yangu ya kupika chakula pale stendi nimewaona wasafiri wa kila namna wakishuka, na anayeniogopesha ni yule ambaye hakuna anayejua anakwenda wapi. Ukiwa huna mwenzako njiani, ndipo unapohitaji watu zaidi. Kwa hiyo salimia. Huku kwetu mtu akiingia kwenye kosta akakaa bila salamu, watu humtazama hadi anashuka. Akisema "kamwene" tu, ameshapata wa kumwonyesha njia na wa kumshikia mzigo. Ukifika nyumba ya wageni, jaza kile kitabu kwa ukweli: jina lako, unakotoka, unakokwenda. Najua vijana huandika chochote humo. Ukurasa ule ndio wa kwanza kutafutwa mtu akipotea.

Lakini usimwambie kila mtu kila kitu. Mama mwenye nyumba, askari wa hifadhi, mwenyekiti wa kijiji utakapolala, hao waambie yote. Kijana wa bodaboda akikuuliza uko na nani, mjibu kwamba shangazi yako anakusubiri, na hutakuwa umesema uongo. Usipande bodaboda giza likishaingia, hata kama umebakiza mwendo mfupi. Msimu huo wa mvua utakuta ulanzi, pombe ya mianzi, kila kijiji. Mzee akikukaribisha pokea kwa mikono miwili, onja, shukuru, weka chini. Na kabla ya kumpiga mtu picha, omba.

Njia yenyewe naipenda hivi. Kutoka hapa hadi Njombe ni kilomita 60 hivi. Lala pale usiku mmoja mwili uzoee baridi, uyaone maporomoko ya Luhuji pembeni mwa mji. Kisha Makete, kwa Wakinga. Kutoka huko panda uwandani, na ukimaliza utokee Matamba, ushuke kwa ile barabara ya Hamsini na Saba, iliyopewa jina kwa idadi ya kona zake, mpaka Chimala kwenye barabara kuu. Kutoka Chimala mabasi ya kurudi Makambako ni mengi. Kama mvua imenyesha usiku, usilazimishe kushuka asubuhi. Ahirisha. Kazi yako ya Dar itakusubiri siku moja.

Wenyeji wa huko waulize mambo, wanajua mengi kuliko vitabu. Yule nyani kipunji anayeishi kwenye misitu ya Rungwe na ya Livingstone, wanasayansi walimtambua mwaka 2003, na wakaonekana magazetini duniani kote. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa na jina lake siku nyingi. Jina hilo hilo ndilo analoitwa hadi leo.

Jambo moja nakuomba kwa uzito. Mtu akikuletea viazi vya okidi akuuzie, kataa, hata kimoja cha kumwonyesha mama yako. Viazi hivyo vimechimbwa miaka mingi na kupelekwa Zambia, ambako hupikwa chikanda, na kila kinachong'olewa ni mmea uliokufa. Hifadhi ile iliwekwa kwa sababu hiyo pia. Ua lolote liache lilipo.

Beba koti zito, soksi za sufu, koti la mvua na gambuti. Kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa kadi au kwa namba ya malipo, basi jiandae mapema, ila vijijini uwe na noti ndogo ndogo. Mtandao juu uwandani hukatika. Tukubaliane kupigiana simu saa moja kila jioni, na siku ambayo hutapatikana niwe nimeshajua toka asubuhi ulikuwa wapi na ungelala wapi. Andika hayo kwenye karatasi uniachie kabla hujaondoka kwangu.

Mabasi yanayotoka Dar asubuhi hufika hapa jioni. Usiunganishe kwenda Njombe usiku huo. Ukipita Mafinga nipigie, nitakuja stendi mwenyewe kukupokea.

Shangazi yako