Malango ya Dhahabu na Haki ya Jirani



Mwezi uliopita tulisafiri kwenda Nairobi kumjulia hali binti yetu mmoja wa ukoo, ambaye ameolewa na anakaa Soweto West, kitongoji cha Kibera. Kibera si ugenini kwa Uislamu. Jina lake latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu, na waliopewa ardhi ile mwanzo walikuwa askari wa Kinubi, Waislamu, waliotumikia jeshi la Mwingereza.

Hata hivyo, hatukwenda kutembea. Binti huyu alikuwa ameingia katika lawama za jamaa. Jirani yake, mama wa Kiorthodoksi, ndiye aliyemkimbiza hospitali usiku wa uchungu wa uzazi. Mama huyo alipofiwa na mzazi wake, binti yetu akafuatana naye, na ibada ya maiti ikafanywa kanisani, upande wa Kawangware. Alisimama mlangoni asishiriki neno. Habari ilipofika pwani, shangaziye akaacha kupokea simu zake.

Tuliona si uadilifu kutoa jawabu juu ya jambo tusilolijua. Tukaomba idhini, na siku isiyo ya ibada tukapelekwa kwenye kanisa lile, tukasimama pale pale aliposimama yeye.

Waorthodoksi wa Kenya walipokewa chini ya Patriaki wa Iskandaria mwaka 1946. Pale Riruta, jirani na Kawangware, iko seminari yao yenye jina la Askofu Mkuu Makarios III, aliyekuwa Rais wa Cyprus, ambaye aliiwekea jiwe la msingi mwaka 1971.

Mbele ya kanisa umesimama ukuta wa mbao wenye picha, unaotenga madhabahu na watu. Katikati yake mna malango ya mbawa mbili, ambayo hupitwa na makasisi peke yao. Mbao zimechongwa mizabibu na maua, kazi ambayo mtu wa Lamu angeisimamia akaitazama. Tukaelezwa namna dhahabu inavyotiwa: mbao hupakwa gundi na chokaa, kisha udongo mwekundu laini, juu yake hulazwa dhahabu iliyofuliwa nyembamba mno, ikasuguliwa kwa jiwe la akiki hata ing'ae.

Juu ya ubawa mmoja amechorwa malaika, na juu ya wa pili mwanamke aliyejitanda. Binti yetu akanong'ona, "Ami, si Jibrili huyu na Bibi Maryam?"

Ndiyo. Ni kisa kile kile tunachowasomesha watoto katika Suratu Maryam: namna alivyojitenga na watu wake upande wa mashariki, akaweka pazia, akajiwa na mjumbe wa Mola wake. Na katika Suratu Al Imran twamsoma akiwa mihrabuni, Nabii Zakariya akimkuta na riziki. Wao wamekichora kisa juu ya lango, sisi twakihifadhi vifuani. Sisi hatuweki picha mahali pa ibada, na mihrabu yetu haina lango; hilo halibadiliki, wala halihitaji kufichwa.

Ama hukumu, katika Sahihi ya Bukhari, kwenye mlango unaohusu kusali kanisani, imetajwa kuwa Sayyidna Umar alijizuia kuingia kwa ajili ya masanamu, na kwamba Ibn Abbas alikuwa akisali humo isipokuwa penye masanamu. Wala kujizuia huko hakukuwa uadui. Baitul Maqdis, ufunguo wa Kanisa la Kaburi Takatifu umekaa karne nyingi mikononi mwa Waislamu: ukoo wa Joudeh huuweka, na ukoo wa Nuseibeh huufungua mlango.

Basi kosa la binti huyu li wapi? Hakusujudu, hakuitikia ibada, hakuvuka kizingiti. Alisimama mahali panapotosha haki mbili: haki ya Mola wake na haki ya jirani yake. Aliyemfikisha hospitali usiku ule hakumuuliza dini yake.

Usiku ule tulimpigia simu shangaziye kutoka Soweto West, tukamweleza tuliyoyaona. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Nipe mwanangu nizungumze naye."

Enyi mama zetu na dada zetu, tuulizane kabla ya kukatana. Mwenyezi Mungu atuunganishie nyoyo. Wabillahi tawfiq.