Kwenda Sokoni Nchi Jirani na Watoto

Sisi wa Zombo tunakwenda Ulaya hata kwa baiskeli. Ulaya yetu ni kata ya jirani, hapahapa Kilosa. Lakini zipo safari za kuvuka mpaka kweli. Mimi ni bwana shamba. Mke wangu ana dada yake Taveta, nchini Kenya. Tulikwenda kumwona pamoja na watoto wetu wawili, mmoja wa miaka 8 na mwingine wa miaka 4.

Ukitoka Moshi unapita Himo, unafika Holili, kisha unavuka. Soko la Taveta hujaa sana Jumatano na Jumamosi. Watu wa pande zote mbili huleta ndizi, maharage, vitunguu na nyanya. Mikokoteni na pikipiki hupita katikati ya watu. Mtu mzima huona mbele. Mtoto wa miaka 4 huona miguu na vikapu tu. Huyo mbebe mgongoni au mshike mkono. Usimwambie tu, "Nifuate."

Siku ile mtoto mmoja alipotea. Hakuwa wetu. Mama muuza ndizi alimketisha juu ya gunia, akamwuliza jina la baba yake. Akajibu, "Baba." Na mama yako? "Mama." Unakaa wapi? "Nyumbani." Watu walicheka, lakini mtoto alikuwa analia. Ilipita karibu saa nzima mama yake akampata. Basi wewe uliyejua kusoma na kuandika, andika jina lako na namba ya simu inayopatikana huko. Itie karatasi hiyo katika mfuko wa nguo ya mtoto. Mfundishe pia jina lako kamili.

Kabla ya safari nenda ofisi ya Uhamiaji ukaulize habari za hati, zako na za watoto. Chukua vyeti vyao vya kuzaliwa. Ulizia pia chanjo ya homa ya manjano. Mifuko ya plastiki iache. Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017, na sisi mwaka 2019. Kikapu cha ukindu kinatosha, tena kinadumu.

Shilingi ya Kenya ina thamani kubwa kuliko yetu. Ukitajiwa bei, uliza kwanza, "Shilingi ya wapi?" Kazi hiyo tulimpa yule mkubwa, akaipenda sana.

Beba maji yaliyochemshwa. Ndizi au chungwa unalomenya mwenyewe halina taabu. Tikiti lililokatwa asubuhi na kutuliwa na nzi, hapana. Kuhara humlegeza mtoto upesi, na ugenini hujui zahanati iko wapi.

Sasa neno la kazi yangu. Yule mkubwa aliona machipukizi mazuri ya mgomba, akataka tuje nayo kupanda Zombo. Nilimkatalia. Chipukizi linaweza kuonekana zima, kumbe lina fukusi au ugonjwa wa mnyauko. Miche haivushwi mpaka bila cheti cha afya ya mimea. Alinuna mpaka Himo.